Darubini za joto na uwindaji wa usiku katika mashamba ya miwa ya Durban

Makala yetu ya sayansi na teknolojia hii leo inaelekea Durban, mji wa bandari katika jimbo la KwaZulu-Natal, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Ukitoka mjini humo kwenda kaskazini au kusini, hupiti mwendo mrefu kabla ya kuingia katika mashamba ya miwa. Miwa hiyo ndiyo iliyowafikisha Durban vibarua wa kwanza kutoka India, Novemba mwaka 1860, na mmoja wa maadui zake wakubwa ni nguruwe mwitu, ambaye mchana hujificha vichakani na usiku huingia shambani pamoja na kundi lake.

Zamani wawindaji walimfuata kwa kurunzi. Nguruwe mwitu ni mwerevu, na akishamulikwa mara moja au mbili hutimka aonapo tu mwanga. Ndiyo maana darubini ya joto, inayofungwa juu ya bunduki, imepata wateja wengi. Chombo hiki hakihitaji taa wala mbalamwezi. Kinapokea miale ya joto inayotoka katika kila kitu na kuigeuza kuwa picha. Lensi yake hutengenezwa kwa jerimaniamu, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia miale hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, anayejaribu kutazama kupitia dirisha la gari lililofungwa haoni kitu.

Je, mnunuzi aangalie nini? Kwanza asidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Muuzaji akisema darubini yake huona hadi mita 1,500, maana yake ni kwamba kwa umbali huo kitatokea kinukta chenye joto. Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, alieleza tofauti kati ya kugundua kuwa kuna kitu, kujua ni kitu cha aina gani, na kukitambua hasa. Kwa hesabu zitokanazo na kazi yake, kugundua kwahitaji takriban pikseli 2 katika kimo cha kitu hicho, kujua aina yake pikseli 8, na kukitambua takriban 13, na hata hapo uwezekano wa kupatia ni nusu kwa nusu.

Tuchukue darubini yenye pikseli 640 kwa upana, kila moja ikiwa na ukubwa wa maikromita 12, na lensi ya milimita 50. Kwa umbali wa mita 300, kila pikseli hufunika sentimita 7 hivi. Nguruwe mwenye kimo cha sentimita 70 atapata pikseli 10 tu. Mwindaji ataona mnyama, lakini je, ni nguruwe au ndama wa jirani? Na kibarua aliyeinama pembezoni mwa shamba naye ana joto lake. Kuikuza picha kwa kubonyeza kitufe hakusaidii, kwani pikseli ni zile zile, zimetanuliwa tu.

Lensi kubwa nayo ina gharama yake: hiyo ya milimita 50 huonyesha upana wa mita 15 tu kwa umbali wa mita 100. Kwenye vijia vya mashamba ya miwa, ambako mnyama hujitokeza karibu na kutoweka upesi, lensi ya milimita 35 inafaa zaidi. Huonyesha mita 22, na hadi mita 150 bado humpa nguruwe yule pikseli 13 au 14.

Hali ya hewa ya Durban ni jambo jingine. Unyevu wa Bahari ya Hindi hufifisha miale ya joto, na usiku wa kiangazi ardhi na mawe hubaki na joto la mchana kwa saa nyingi, hata kichuguu kikafanana na mnyama aliyelala. Hapo hutakiwa chombo kinachohisi tofauti ndogo ya joto. Kipimo chake huandikwa kwa milikelvini, na namba ndogo ndiyo bora: 25 ni robo ya sehemu moja ya kumi ya digrii.

Kifaa cha kupima umbali kwa leza si anasa, kwa sababu picha ya joto haina kina, na ng'ombe aliye mbali huonekana sawa na nguruwe aliye karibu. Idadi ya picha kwa sekunde pia ina uzito wake. Darubini ya picha 9 humwonyesha mnyama akimbiaye mita 9 kwa sekunde akiruka mita nzima kila mara. Ya picha 50 humfuata bila kukatika. Rangi za kupendeza na kurekodi video ni mapambo, tena kurekodi humaliza betri.

Wenye uzoefu hununua vyombo viwili: cha mkononi cha kutafutia, na cha bunduki cha kulengea. Anayetafuta kwa darubini ya bunduki huelekeza mtutu kwa kila kitu chenye joto, wakiwemo watu. Kuhusu vibali vya kuwinda usiku, mahali pa kuulizia ni Ezemvelo KZN Wildlife, shirika la hifadhi ya wanyamapori la jimbo hilo, na bunduki yenyewe ni lazima iwe na leseni chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2000.