Kongwe, Changa na Zenye Majina Mengi: Rekodi za Mila Zetu

Nikiulizwa ni mila gani ya kila siku iliyo kongwe kuliko zote Afrika Mashariki, sitataja ngoma wala mahari. Nitataja saa. Jua likichomoza tunaanza hesabu, likitua tunaanza upya. Wamisri wa kale waliugawa mchana mafungu 12 na usiku mafungu 12, na Wayahudi na Warumi wa zama za Yesu nao walihesabu mchana tangu mapambazuko. Ndiyo maana msomaji wa Biblia ya Kiswahili akikuta kwamba Yesu alikata roho saa tisa, anajua papo hapo kuwa ni alasiri, ilhali Mwingereza hana budi kufafanuliwa. Waethiopia wanahesabu hivihivi. Karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza, hesabu hii inafaa kabisa, na sioni sababu ya mtu kuionea haya mbele ya wageni.

Sikukuu iliyohama mbali zaidi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Iran huusherehekea Machi, Makunduchi Julai. Kisa ni hesabu: mwaka wa kale wa pwani una siku 365 kamili, bila ile siku ya ziada ya Februari, kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi ilirudi nyuma siku moja. Wakulima na mabaharia waliufuata kwa kuhesabu siku kumikumi, wakajua majira ya mvua na pepo. Siku yenyewe wanaume hupigana kwa mabua ya migomba wakitoa vinyongo vya mwaka mzima, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake waliojipamba huzunguka uwanjani wakiimba. Kukosa mgeni nyumbani siku hiyo huhesabiwa nuksi, kwa hiyo anayetaka kwenda asisite.

Majina yaliyoachwa nyuma na bei kuliko yote ni ya magari ya abiria: matatu na daladala. La kwanza limetokana na mapeni matatu, yaani senti 30, nauli ya Nairobi ya zamani. La pili limetokana na shilingi tano, iliyoitwa dala, nauli ya Dar es Salaam miaka ya 1980.

Kwa kubadilishwa jina, sijui siku inayoishinda 10 Oktoba nchini Kenya. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 haikuitaja miongoni mwa sikukuu za kitaifa, watu wakaenda kazini kama kawaida, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2017 kwamba kisheria bado ilikuwa sikukuu. Baadaye ikawa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda, maana linawapa watu kazi ya kufanya: kupanda miti.

Desturi iliyoanzia juu zaidi ni Mwenge wa Uhuru. Oktoba 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Nyerere alilieleza Baraza la Kutunga Sheria nia ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge kileleni, mita 5,895.

Lakini rekodi ninayoithamini kuliko zote ni ya kanga, vazi lililopita mikono mingi zaidi. Mwanzo zilikuwa leso, vitambaa vya mraba vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kireno. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kuzinunua zikiwa bado jora, hazijakatwa. Walichukua leso sita, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga kwa sindano, wakapata nguo moja pana. Wauzaji walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima, yenye pindo na mji wake, yaani sehemu ya katikati. Zikachapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa mwaka 1887 likatia alama yake, Mali ya Abdulla. Maneno ya kanga, tunayoyadhani ya tangu enzi za mababu, yaliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Ni machanga kuliko reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Na waliobuni vazi lenyewe ni wanunuzi, si kiwanda. Heshima hiyo tuwape wanawake wale.

Kanga nyingi hazichapwi mwaka. Kama bibi yako bado anazo sandukuni, mwulize kila doti aliinunua lini, wapi na kwa ajili ya nini, uandike majibu yake na karatasi uikunje pamoja na doti hiyo.