Utando wa Oili Unaobeba Krenki

Hadi mwaka 2022, kabla Gridi ya Taifa haijafika, umeme wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Vijijini injini za dizeli bado zinasaga mahindi na mihogo, na ndani ya nyingi kati ya hizo krenki imeshikwa na bushi tupu, bila gololi hata moja. Wapo wanaodhani bushi ni ya kizamani. Si kweli: injini za malori mapya na mitambo mikubwa ya kufua umeme huzunguka juu ya bushi hadi leo.

Krenki ikishashika kasi haigusi bushi kabisa. Kati yao kuna nafasi ndogo iliyojaa oili. Shafti inapozunguka huivuta oili hiyo na kuisukumiza mahali panapozidi kuwa pembamba. Ikikosa pa kukimbilia, shinikizo lake hupanda na kuinua shafti. Mwingereza Beauchamp Tower aliligundua jambo hili mwaka 1883 alipotoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiipima. Oili iliruka nje. Akaziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa kutoka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kihesabu sababu yake. Utando huo huweza kuwa mwembamba mara nyingi kuliko unywele, nao ndio unaobeba mzigo wote.

Kwa hiyo bushi huumia zaidi injini inapowashwa, kabla utando haujajengeka. Asubuhi za baridi za Juni na Julai kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, oili huwa nzito na huchelewa kufika. Ukishapiga hendeli, iache injini izunguke kwanza bila mzigo.

Adui mwingine ni vumbi jekundu la barabarani, linaloingia na oili iliyohifadhiwa kwenye dumu lisilofunikwa. Bushi hupakwa metali laini makusudi. Mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba aliobuni Isaac Babbitt mwaka 1839 humeza chembe ndogo ili krenki isikwaruzwe. Lakini ulaini huo una kikomo. Kibaya kuliko vumbi ni nozeli inayovuja: dizeli hushuka kwenye sampo na kuifanya oili iwe nyepesi, huku kijiti cha kupimia kikionyesha kiasi kimeongezeka. Mwenye mashine hufurahi, kumbe utando umekwisha nguvu.

Mafundi huulizwa pia kuhusu mawese, mafuta ambayo Kigoma inayajua vizuri. Katika karne ya 19 reli za Uingereza zilitengeneza grisi ya ekseli kwa mawese na mafuta ya wanyama. Ndani ya injini iliyo moto, hata hivyo, mawese huharibika, huganda na kuzaa tindikali inayokula metali. Yabaki jikoni.

Injini ikinoki, izime papo hapo. Beringi ya gololi ya kinu hubadilishwa kwa saa chache, ila krenki iliyokwaruzwa lazima ikasagwe, kisha ivishwe bushi nene zaidi, na mashine ya kuisaga haipo kila mji. Fundi akifungua konrodi, omba akuonyeshe bushi zenyewe. Rangi ya kijivu iliyo sawasawa ni salama, mistari ni dalili ya uchafu, na wekundu wa shaba ukijitokeza, tabaka laini limeshalika.