Mkasi wa Kijapani: Ni Nani Atakayeunoa?

Twaingia katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulikuta katika ukurasa huu. Wazazi wametujia mara kwa mara na swali moja. Kijana wao, wa kiume au wa kike, amehitimu kazi ya nywele, ameajiriwa saluni au ataka kufungua yake, na sasa aomba anunuliwe mkasi wa Kijapani. Bei aliyoitaja imewashikisha vichwa. Mkasi ni mkasi, wasema. Wa dukani wapatikana kwa fedha za kununulia kilo mbili za nyama. Vipi huu uuzwe kwa thamani ya mbuzi wanne?

Swali hilo ni la haki. Mkasi wa kazi uliotengenezwa Japani kweli aghalabu huanzia dola 300 za Marekani, ambazo ni takriban shilingi 39,000, na ile ya daraja la juu hupita dola 1,000, kabla ya nauli na ushuru. Kwa familia nyingi hizo ni fedha za mchezo wa mwaka mzima. Chombo hicho chaweza kumpa mtu riziki kwa miaka kumi na zaidi. Chaweza pia kuwa chuma cha bei kilichofishwa kabla mwaka haujaisha. Tumewauliza wanaoijua kazi hii, tukasoma tulichoweza kukisoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na asili yake, kwa kuwa inaeleza mengi. Mji wa Seki, katika mkoa wa Gifu, umejulikana kwa wafua panga kwa karne nyingi. Mwaka 1871 serikali ya mfalme Meiji ilitoa amri iliyogusa mambo mawili kwa pamoja: ilimruhusu samurai, yaani mtu wa tabaka la wapiganaji, akate kile kishungi cha nywele alichokifunga utosini, na ilimruhusu atembee bila upanga. Mwaka 1876 ruhusa ya pili ikageuka katazo, na kuvaa upanga hadharani kukapigwa marufuku isipokuwa kwa wachache waliotajwa na sheria. Tazameni jinsi mambo yanavyoshikana: wafua panga walipoteza wateja wao katika miaka ile ile ambayo vichwa vya nchi nzima vilianza kuhitaji kinyozi wa namna mpya. Wahunzi wengi waligeukia visu, na baadaye nyembe na mikasi. Kampuni ya KAI, ambayo hutengeneza mikasi ya Kasho, ilianzia Seki mwaka 1908. Mizutani, jina jingine ambalo vinyozi hulitaja kwa heshima, ilianzishwa Tokyo mwaka 1921.

Na kile walichorithi kutoka kwenye upanga ni makali. Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa bei yote imejificha hapa.

Mkasi wa kawaida, na hata ile mizuri ya Ujerumani kwa desturi yake ya zamani, hunolewa kwa mshazari: ubapa wa chuma hukatwa pembeni mara moja, kama ukingo wa patasi. Mara nyingi upanga mmoja huwekewa vijimeno vidogo mno, visivyoonekana kwa urahisi, ili unywele usiteleze. Mkasi huo huushika unywele, kisha huukata. Mkasi wa Kijapani umebinuka kwa nje hadi kufikia ukali wake, na Wajapani wenyewe huyaita makali hayo kwa jina la kombe wa baharini, kwani ukitazama bapa kwa upande utaona mviringo mwororo kama wa gamba la kombe. Ndani, bapa limechimbwa kidogo likafanya bonde jembamba, na kando ya makali ukabaki mstari mwembamba unaong'aa. Ni mistari hiyo miwili tu, wa upanga huu na wa ule, inayogusana mkasi unapofungwa. Matokeo yake ni kwamba mkasi hukata bila kusukuma, karibu bila sauti, na fundi aweza kuuburuta juu ya shungi la nywele ukiwa wazi nusu, ukapunguza taratibu kama wembe. Mkasi wenye vijimeno hauwezi kazi hiyo. Utakwama na kumvuta mteja.

Sasa mwajua kwa nini tumeanza kuuliza nani atakayeunoa. Umbo hilo la kombe hutengenezwa kwa mkono na jiwe, na huhifadhiwa kwa mkono na jiwe. Fundi wetu wa mtaani, yule apitaye na baiskeli yenye gurudumu la kunolea, ni mtu wa heshima na visu vya jikoni vyamtambua. Lakini gurudumu lake huzunguka kwa kasi, hutoa cheche, na joto hilo hulegeza ugumu wa chuma pale penye makali hasa. Zaidi ya hayo atanoa alivyozoea, kwa mshazari, na kwa nia njema atapitisha jiwe upande wa ndani ili kuondoa mikwaruzo. Ule mstari mwembamba ukifutika, mkasi umekwisha. Twamjua binti mmoja aliyeletewa mkasi wa aina hii na mjomba wake aliyekuwa safarini. Ulipopoteza makali aliupeleka kwa mnoaji, akalipa kiasi kidogo tu, akarudishiwa ukiwa unameremeta kama mpya. Tangu siku hiyo unakunja nywele badala ya kuzikata, na hakuna aliyeweza kuurejesha.

Kwa hiyo twawashauri wazazi wageuze mpangilio wa maswali. Kabla ya bei, kabla ya jina, mwulizeni muuzaji: mkasi huu ukiisha makali, hunolewa na nani, wapi, kwa kiasi gani, na huchukua muda gani kurudi? Kwa anayekata vichwa vingi kila siku, haja hiyo huja baada ya miezi sita hivi au mwaka. Muuzaji wa kweli atakuwa na jibu: ana fundi aliyefunzwa, au huupeleka kiwandani na gharama yake yajulikana. Akiwaambia kwamba mkasi wake hauhitaji kunolewa kamwe, chukueni fedha zenu mrudi nyumbani. Na kama kweli hakuna mtu wa kuunoa katika mji wenu wala njia ya kuupeleka, basi rai yetu, japo itawaudhi vijana, ni kununua mkasi mzuri wa makali ya mshazari. Huo hunoleka kwa urahisi zaidi.

Kuhusu chuma chenyewe tutasema machache. Majina mawili mtakayoyasikia sana ni 440C na VG-10. Yote mawili ni chuma cha pua chenye kaboni ya karibu asilimia 1 na kromiamu nyingi ya kuzuia kutu. VG-10, ambacho hutoka kiwanda cha Takefu katika mkoa wa Fukui, kimeongezwa kobalti, na kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell hufika 60 hivi au kuzidi kidogo, ilhali 440C huwa chini yake kidogo. Chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu, lakini pia humeguka kwa wepesi kikianguka sakafuni. Kwa anayeanza kazi, 440C iliyotiwa moto na kuzimwa kwa ustadi humtosha kabisa.

Baada ya makali ni mkono, na hapa kijana lazima aende mwenyewe. Mkasi haununuliwi kwa kuagiziwa na shangazi. Urefu hupimwa kwa inchi, kutoka nchani hadi mwisho wa pete, bila kuhesabu kile kijipembe cha kuegemezea kidole kidogo. Wanaokata nywele za wanawake hupenda inchi 5 hadi 6. Kinyozi anayekata juu ya kitana huhitaji 6 hadi 7. Njia nyepesi ya kupima ni kuulaza mkasi kiganjani, pete ikiwa kwenye shina la kidole gumba: ncha ifike pingili ya mwisho ya kidole cha kati. Kisha tazameni mipini. Ile ya zamani ina pete mbili zilizo sambamba, na humlazimisha mtu kunyoosha kidole gumba mbele kutwa nzima. Ile ambayo pete ya gumba imefupishwa hukiacha kidole kipumzike, na ile iliyopindwa kuelekea chini hukishusha hata kiwiko. Msidhani hayo ni madoido. Waliofanya kazi hii miaka mingi watawaonyesha vifundo vya mikono vinavyouma usiku na vidole vinavyokufa ganzi, na baadhi yao wameiacha kazi kwa sababu hiyo.

Mwenye kutumia mkono wa kushoto na aangalie sana. Wapo wauzaji wanaobadilisha mipini tu na kuuita mkasi wa shoto. Mkasi wa shoto wa kweli umepishanishwa hata panga zake. Ukiushika mkasi wa kulia kwa mkono wa kushoto, kila ukibana wazisukuma panga mbali, na nywele hukunjika katikati.

Sasa tuje kwenye maandishi. Maneno "Japan Steel" au "Japanese Stainless" yaliyochorwa kwenye bapa hayasemi kwamba mkasi umetengenezwa Japani. Yadai tu kwamba chuma chatoka huko, na hata hilo halina mdhamini. Wajerumani waliuwekea mji wao wa Solingen sheria mwaka 1938, hata jina hilo lisichorwe kwenye kisu au mkasi uliotengenezwa kwingine. Neno "Japan Steel", kwa upande wake, lachorwa na yeyote mwenye mashine ya kuchorea. Mikasi mingi yenye majina ya kusikika Kijapani hutoka China au mji wa Sialkot huko Pakistani. Hatusemi hayo kwa dharau, kwa kuwa Sialkot wana mafundi hodari, na vifaa vyao vya upasuaji vyatumika duniani kote. Lawama yetu ni kwa anayeuza cha huko kwa bei ya Seki. Hiyo ni ghushi, na mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana khiyari ya kuirudisha. Basi takeni risiti yenye jina la kiwanda, namba ya muundo na mahali ulipotengenezwa, iliyoandikwa kwa mkono wa muuzaji mwenyewe. Anayesita kuandika amekwisha kuwajibu.

Dukani hapo hapo jaribuni mambo matatu. Fungeni mkasi, muuinue dhidi ya mwanga: kati ya panga mbili mwanga upenye, na zigusane nchani. Kisha ufungueni kiasi cha pembe mraba, mshike pete moja ncha ikielekea juu na muiachie ya pili: ishuke polepole na isimame kabla ya kufunga. Ikianguka moja kwa moja, skrubu imelegea. Isiposhuka, imekazwa kupita kiasi, nayo itakula makali na kidole pamoja. Hilo hurekebishwa kwa kuzungusha skrubu kidogo, lakini mwacheni muuzaji ailegeze mbele yenu ili mwone kama ajua afanyalo. Mwisho, loweni karatasi laini ya kufutia uso, tabaka moja, muikate kutoka kwenye shina hadi nchani. Mkasi mzima huipasua bila kuivuta. Karatasi kavu msiutilie kamwe.

Lipo la kusema pia juu ya nani asiyeuhitaji. Kinyozi ambaye kutwa ananyoa kwa mashine ya umeme, na mkasi kwake ni wa kusawazisha ndevu mara mbili tatu kwa siku, hana haja ya kutumia fedha hizo. Wala msusi ambaye kazi yake kubwa ni kusuka kwa nywele za bandia. Nyuzi hizo huua makali haraka, na mkasi wa Kijapani ukizikata leo, kesho hautakata unywele wa mtu. Anayefanya kazi zote mbili awe na mikasi miwili na asiwaazime wenzake ule mmoja. Yale makasha yenye mkasi wa kukatia, mkasi wa meno wa kupunguzia, kitana na wembe kwa bei moja, twayaogopa. Heri mkasi mmoja wa kweli kwanza, na ule wa meno ufuate mwaka wa pili.

Kwetu pwani kuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi hupata njia hata kwenye chuma cha pua, na dawa za klorini zinazotumiwa kusafishia vifaa hukitoboa vitundu vidogo vidogo. Mkasi ufutwe kwa kitambaa laini baada ya kila mteja, usilale ndani ya dawa, na kila jioni udondoshewe tone la mafuta mepesi kwenye skrubu, ufunguliwe na kufungwa mara kadhaa, kisha ufutwe na kuwekwa kwenye ala yake. Ukianguka, usifunguliwe na kufungwa kwa majaribio, kwa maana jino moja lililojikunja kwenye upanga mmoja litauchana wa pili wote. Uvishwe kitambaa, upelekwe kwa fundi yule yule mliyemjua kabla ya kununua. Siku utakapokuwa huko, kijana atafanya kazi kwa ule wa zamani, kwa hiyo usitupwe. Ukirudi mpya, wa zamani ubaki kwenye droo ya pili, kwa nywele za bandia, karatasi na kukatia mifuko ya dawa.