Nazi Haioti Hamburg

Wanangu, leo nakusimulieni habari za njaa. Sisemi njaa ya mtu aliyekosa chakula. Nasema ile inayompata mtu akiwa ameshiba, mezani kuna mkate, nyama, viazi na siagi, na bado moyo wake unatafuta kitu. Wanaoijua vizuri ni wale waliohamia nchi za mbali. Kama nyumbani kwenu mna shangazi aliye Houston au kaka aliye Muscat, muulizeni atawaambia.

Na mkimuuliza, hatataja chakula cha harusini, pilau la mbuzi au biriani. Vyakula hivyo vikubwa mtu akivitaka huvipika, hata akiwa ugenini, maana mchele na nyama viko kila mahali. Atataja vitu vidogo ambavyo nyinyi mnavipita njiani bila kugeuka: embe bichi lililochanjwa na kupakwa chumvi na pilipili, muhogo wa kuchoma kwenye makaa, dagaa waliokaangwa wakakauka, maji ya dafu yaliyonywewa papo hapo kwenye gogo la muuzaji. Ugeni huanza na hivi vidogo.

Nitaanza na binti wa mfalme, kwa sababu yeye aliyaandika maisha yake.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alizitawala Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alitoka mbali sana, kwenye milima ya Kaukasi, akaletwa akiwa mtoto. Uani mwa jumba lile walitembea tausi, paa na mbuni, na watu wa nyumbani walizungumza Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na Kihabeshi, kila mmoja na lugha ya alikotoka. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu. Salme alitaka na kuandika, basi akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili maneno ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Alipokuwa msichana mkubwa alipendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza mpaka Aden. Mwaka 1867 akabatizwa, akaolewa, akapewa jina la Emily, na safari ya Ulaya ikaanza.   Akafika Hamburg, mji wa bandari kama kwao, lakini bandari ya namna nyingine kabisa.

Fikirini nyinyi wenyewe. Unguja jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na huzama karibu na saa kumi na mbili, leo, kesho na mwaka mzima. Hamburg, mwezi wa Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi alasiri limeshazama. Mtu aliyezoea kula mchana kwenye baraza, milango wazi, upepo wa bahari ukipita, sasa anakula nyuma ya madirisha yaliyofungwa na taa imewashwa. Chakula kimewekwa juu ya meza ndefu, kila mtu na sahani yake, kisu chake na uma wake. Kwao Salme watu walikaa chini kuzunguka chakula cha pamoja, wakala kwa mkono.

Na ndani ya sahani yenyewe? Mnazi unataka joto mwaka mzima. Mahali ambapo maji huganda, mnazi hufa. Kwa hiyo Hamburg hakuna dafu na hakuna makuti. Tuseme nazi moja kavu imefika na meli, maana nazi kavu huvumilia safari. Nani ataikuna? Mbuzi iko wapi? Kifumbu kiko wapi? Tui haliji peke yake, wanangu. Linataka mtu akalie mbuzi akune, mwingine atie maji akamue kasimile, kisha arudie chicha zile zile apate tui jepesi la kuchemshia, na kasimile lingoje mpaka mwisho. Kazi hiyo hufanywa uani na watu wawili watatu wakizungumza, na mazungumzo yale ni sehemu ya mchuzi.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kwao ambacho Hamburg kilikuwepo tele: karafuu. Kampuni za Hamburg zilikuwa na maduka yao Zanzibar, na karafuu zilisafiri kwa meli mpaka kwenye maghala ya kule. Wajerumani hutia karafuu kwenye mikate mitamu wanayooka karibu na Krismasi. Mimi huwaza, na haya ni mawazo yangu, hakuna mtu aliyeyaandika, jinsi Salme alivyopita mbele ya duka la mikate siku ya baridi kali, harufu ile ikamjia puani, akajiona yuko shambani Unguja wakati karafuu zimeanikwa juani kwenye majamvi.

Hilo si jambo la ajabu, na sababu yake inajulikana. Mnachokiona na mnachokisikia hupita kwanza mahali fulani katikati ya ubongo, kikapangwa, ndipo kikapelekwa mbele. Harufu ina njia ya mkato. Kutoka puani inaingia moja kwa moja karibu na sehemu zinazotunza kumbukumbu na zile zinazoamsha furaha, woga na huzuni. Ndiyo maana harufu ya samaki wa kupaka inaweza kumliza mtu mzima kabla hajajua analilia nini. Jaribuni: zibeni pua, tieni kipande cha kashata ya tangawizi mdomoni, mtafune. Mtasikia utamu na ukali, basi. Sasa achieni pua. Hapo kashata inafika. Ladha nyingi tunazodhani ni za ulimi ni za pua, na pua haisahau.

Rudolph alijua Kiswahili, na mwanzoni ndiyo lugha waliyozungumza nyumbani kwao kule Hamburg. Mwaka 1870 akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha Salme na watoto watatu wadogo. Mimi nikifika hapa kwenye hadithi hii hukaa kimya kidogo. Chakula alikuwa ameshakikosa. Sasa alimkosa na mtu wa kumwambia kwa lugha yake kwamba amekikosa. Mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, na ndani yake alieleza kinaganaga jinsi watu wa kwao walivyoamka, walivyokula, walivyovaa na walivyosherehekea sikukuu. Alirudi Zanzibar kuzuru mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, lakini ndugu zake watawala hawakumpokea. Alipofariki mjini Jena mwaka 1924, katika vitu vyake mlikuwa na mchanga wa pwani ya Zanzibar, akazikwa nao Hamburg.

Lakini siwezi kuwasimulieni juu ya Salme nikaishia kwake. Chakula cha jumba la Mtoni kilipikwa na nani? Kilipikwa na watumwa. Na watumwa wale nao walikuwa na kwao. Wengi walitolewa huku bara, pande za Ziwa Nyasa, Uyao, Unyamwezi, Manyema, wakatembezwa mamia ya maili mpaka pwani, wakavushwa bahari. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku visiwani mwaka 1897. Mpishi aliyezaliwa kando ya Ziwa Nyasa alikuwa na samaki wake wa maji matamu, na mboga zake alizochuma na mama yake. Alikaa jikoni akipika chakula cha watu wengine, na hakuna aliyemuuliza anatamani nini. Salme alijua kuandika, na ndiyo sababu tunaijua hamu yake. Za wengine hazikupata kalamu. Msisahau kwamba nao walikaa ugenini, na hawakuuchagua.

Sasa tuvuke bahari kuelekea kaskazini. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, yakarudi kwa kusi. Kutoka Uarabuni yalileta tende, haluwa na papa wakavu. Mwomani aliyekaa Unguja aliingoja kaskazi kwa hamu, maana ndani ya jahazi mlikuwa na ladha ya kwao. Wahindi nao walikuja na chapati, sambusa na achari zao. Jirani akaonjeshwa, akapenda, akauliza zinapikwaje. Leo hakuna mtoto wa Mombasa, Lamu au Tanga anayeona chapati ni ya kigeni.

Mwaka 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na maelfu ya watu wakaondoka visiwani. Wenye asili ya Oman wengine walikwenda Misri, Kuwait, Dubai na Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika warejee, na wengi waliokuwa wamekaa Afrika ya Mashariki wakaenda Muscat. Walikwenda kwenye nchi ya mababu zao. Lakini wengi walikuwa wamezaliwa Unguja na Pemba, wamekulia chini ya miembe. Walifika kwenye milima mikavu ya mawe na joto linalochoma. Tende zilikuwepo za kila aina. Lakini shelisheli hakuna, doriani hakuna, mvua ya masika hakuna. Wakawa wamerudi kwao, wakaanza kuwakumbuka wa kwao.

Basi wakafanya nini? Wakapika. Ndani ya nyumba za Muscat wanawake wakaendelea kuchoma vitumbua, kuoka mkate wa kumimina, kuchemsha muhogo kwa nazi, na watoto wakaendelea kusemeshwa Kiswahili. Kusini mwa Oman, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, uko mji wa Salalah. Huko, kati ya Juni na Septemba, upepo wa bahari huleta ukungu na manyunyu, milima ikageuka kijani. Minazi inaota, migomba inaota, mipapai inaota, na madafu yanauzwa kando ya barabara. Mtu wa pwani akifika Salalah mara ya kwanza husimamisha gari.

Mandazi leo yanauzwa huko Oman kwenye maduka ya kawaida. Mishkaki, ile nyama ya vijiti iliyolazwa kwenye ukwaju na viungo, inachomwa jioni kandokando ya barabara, na wanaopanga foleni wengi wao hawajapata kuiona Unguja wala hawajui neno la Kiswahili zaidi ya jina la chakula hicho. Hamu ya watu wachache imekuwa kitoweo cha nchi nzima. Mimi jambo hili hunifurahisha kuliko hadithi zote za wafalme.

Siku hizi mambo ni mepesi kidogo kwa aliye mbali. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani kuna maduka ya Kiafrika na ya Kiasia. Kisamvu kinauzwa kimeshatwangwa na kugandishwa. Watu wa Bukavu na Bujumbura wanakinunua wakikiita sombe. Tui liko kwenye makopo. Hata hivyo, tui la kopo limepigwa moto kiwandani ili lisiharibike, kwa hiyo limeshapikwa kabla hujalipika, na aliyezoea la kukamua analitambua mara moja. Unga wa mahindi ukiukuta mara nyingi ni wa manjano na una chembe nene, na ugali wake haushikani kama ule wa sembe.

Mihogo ndiyo yenye kisa. Muhogo ukishang'olewa hauna subira: baada ya siku mbili tatu ndani hutokea michirizi myeusi, ukaharibika. Sasa utafikaje London ukitoka Amerika ya Kati, ambako mingi ya ile inayouzwa huko hulimwa? Huchovywa kwenye nta. Nta huzuia hewa isiingie, na muhogo hukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akiuchukua muhogo dukani huko Ulaya anauona unang'aa kama umepakwa mafuta. Humenya nta pamoja na ganda, akachemsha, akatia chumvi. Na muhogo wenyewe, kama mahindi, asili yake ni Amerika. Mabaharia wa Kireno ndio walioufikisha Afrika.

Kama mna ndugu aliye mbali na mtu anasafiri kwenda huko, msikimbilie kufungasha. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Ulaya kutoka kwetu. Vitachukuliwa uwanja wa ndege na kutupwa. Matunda mabichi nayo yana masharti yake. Vinavyosafiri vizuri ni vikavu: bizari iliyochanganywa na bibi, iliki, mdalasini, ubuyu, kashata, visheti, majani ya chai. Fungeni mara mbili, harufu isiingie kwenye nguo za msafiri.

Lakini kwanza mpigieni simu mumuulize. Msidhani mnajua. Wengine wataomba kitu kisicholiwa: kawa ya kufunikia chakula, mwiko wa mti, chungu cha Pemba, kanga ya kujifunga wakati wa kupika. Na nazi kavu siku hizi zinapatikana hata Hamburg, kwa hiyo wapo wanaoomba mbuzi. Inakunjwa, inalala bapa kwenye sanduku. Ifungeni meno yake kwa tambara zito, na iende kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana mkononi hawataipitisha.