Nakala Iliyotumika

Kitabu cha upasuaji huchakaa kazini. Inasemekana Thomas Vicary, mpasuaji wa wafalme wa Uingereza, alichapisha anatomia yake mwaka 1548, lakini haijulikani nakala yoyote ya mwaka huo iliyobaki. Wakusanyaji hugombania toleo la 1577. Mwaka 1617 John Woodall alitoa The Surgions Mate kwa wapasuaji vijana wa meli za Kampuni ya India Mashariki. Humo mna sanduku la dawa, ukataji wa viungo, hata maji ya limau kwa wenye kiseyeye. Nakala zilizoingia melini zilipigwa na chumvi, zikararuka. Zilizosalia huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Kandokando ya Mlima Kenya vitabu vya upasuaji vimechakaa vivyo hivyo tukiona. Katika hospitali za misheni kama Tumutumu, karibu na Karatina, na Chogoria, iliyoanzishwa na Dakt. Clive Irvine mwaka 1922, kwa miaka mingi daktari mmoja aliunga mifupa, akazalisha kwa kisu na kukamua majipu. Madaktari wa namna hiyo ndio walioandikiwa Primary Surgery ya Maurice King na wenzake: juzuu la majeraha lilitoka 1987, lile jingine 1990. Maandishi yake sasa yanasomwa bure kwenye intaneti. Basi mkusanyaji analipia nini? Analipia nakala yenyewe: kipimo cha dawa kilichosahihishwa pambizoni kwa kalamu, doa la ayodini kwenye ukurasa wa mguu uliovunjika. Mimi ningeichukua hiyo kabla ya nakala safi ambayo haikufunguliwa.

Mahali pa kuchapishwa napo pana uzito. The Akikuyu cha Padri Cagnolo, kilichopigwa chapa Nyeri na wamisionari wa Consolata mwaka 1933, si kitabu cha upasuaji, lakini kinatafutwa pia kwa sababu ya jina hilo la mji. Hesabu picha zake zote kabla hujatoa pesa. Wauzaji wengine huzikata wakaziuza moja moja.

Adui mkubwa wa vitabu Nyeri ni kuvu. Baridi ya Julai haikaushi kitu, kwa hiyo usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje. Usifute madoa, wala usibadilishe jalada. Na ukikuta kitabu chenye muhuri wa hospitali kisicho na alama ya kuondolewa maktabani, kirudishe kwa wenyewe, hata kama muuzaji wa mitumba ameapa kwamba kilitupwa.