Majani ya Kuvundika: Je, Tutie na Mafuta?

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya majani huoza, tena upesi, kama haikuwekwa vizuri. Kwa hiyo leo, ndugu mfugaji, tuzungumze juu ya majani ya kuvundika, ambayo wataalamu huyaita sileji. Tutazame pia jambo jingine: je, tukiyatia mafuta ya kula, ng'ombe atapata faida?

Kwa nini tuvundike?

Wakati wa masika mabingobingo hukua upesi kuliko ng'ombe anavyoweza kuyala. Kiangazi kikifika, yamekuwa magumu kama fimbo. Majani machanga yana protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Yakikomaa, protini hupungua na nyuzi ngumu huzidi. Basi tuyakate yakiwa na urefu wa karibu meta 1. Shimo haligeuzi majani mabaya kuwa mazuri.

Namna ya kuvundika

Ndani ya shimo lisilo na hewa, vijidudu hula sukari ya majani na kutoa ukali, kama maziwa yanavyokuwa mtindi. Ukali huo huzuia majani yasioze. Taabu yetu ni kwamba majani ya nchi za joto yana sukari kidogo, na mabingobingo machanga yana maji mengi. Katika kilo 100, kilo 80 au zaidi ni maji matupu. Basi fanya hivi:

1. Kata majani, yaache yanyauke kwa muda wa nusu siku hivi.
2. Yakatekate vipande vya sentimeta 2 hadi 3.
3. Nyunyiza molasi iliyochanganywa na maji. Kama huna, changanya pumba za mahindi.
4. Shindilia kwa miguu, tabaka juu ya tabaka, hewa yote itoke.
5. Funika kwa nailoni na udongo. Usifukue kabla ya mwezi 1.

Sileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na harufu yake ni ya uchachu mtamu. Iliyoota ukungu au kunuka uvundo usimpe ng'ombe. Itupe.

Na mafuta je?

Ni kweli mafuta yana nguvu nyingi, zaidi ya mara 2 ya wanga wa uzito ule ule. Lakini hayana protini. Wala vijidudu vya shimoni havipati sukari kutoka kwenye mafuta. Kwa hiyo mafuta hayawezi kushika nafasi ya molasi.

Kuna na hatari. Majani anayokula ng'ombe husagwa na vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa. Mafuta yakizidi, huvidhuru vijidudu hivyo. Nyuzi hazisagiki vizuri, ng'ombe hupunguza kula, na maziwa nayo hupungua.

Mafuta yote katika chakula yasizidi sehemu 6 katika kila 100, ukiondoa maji. Tufanye hesabu. Ng'ombe akila kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, mafuta yasizidi gramu 600. Majani na pumba vyenyewe huweza kuwa na gramu 300 tayari. Nafasi iliyobaki ni gramu 300 tu, na ianzwe kidogo kidogo.

Basi chupa ya mafuta ibaki jikoni, ikapike mboga ya watoto. Ng'ombe apewe mashudu ya alizeti au ya pamba pamoja na sileji. Mashudu yana protini, tena yana mafuta yaliyobaki. Yale ya mashine ndogo za kijijini hubaki na mafuta mengi zaidi, kwa hiyo usiongeze mengine. Yahifadhi pakavu, maana yakiota ukungu huwa sumu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunashindilia majani shimoni?
2. Ng'ombe wako akila kilo 8 za chakula kikavu, mafuta yote yasizidi gramu ngapi?
3. Hapa kijijini, mashudu yanapatikana wapi, na kwa bei gani?