Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Ikolo ni kata ya wilaya ya Kyela, katika tambarare inayoshuka taratibu mpaka kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Mpunga, kakao na michikichi huota jirani, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Ardhi yenye maji mengi hivyo hulisha watu vizuri, lakini haiyahurumii magurudumu. Masika yakishika, gunia la mchele uliokwisha kukobolewa laweza kukaa ndani siku kadhaa likingoja njia ikauke. Wakati huohuo, katika wilaya hiyohiyo, malori makubwa ya nchi tatu nne yamepanga foleni juu ya lami kwenye mpaka wa Kasumulu.

Katika foleni hiyo utaona Scania, Fuso na Howo. Na hasa kwenye namba za Malawi, Zambia na Zimbabwe, utakuta lori la Kimarekani lenye jina refu kwenye pua yake: Freightliner. Hakuna wizara iliyopanga lije, wala wafadhili waliokutana kulijadili. Lakini limefika, na wenye mali wanaendelea kulinunua, mara nyingi likiwa limekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Ukitoka hapo ukahesabu miradi iliyochorwa kwa ajili ya njia hii hii kwa zaidi ya nusu karne, utaona kuwa michoro mizuri zaidi si ndiyo iliyofika. Naamini chimbuko la lori hilo linatueleza kwa nini, na wahenga walikwisha kulisema kwa maneno machache: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Katika miaka ya 1930 Leland James aliongoza Consolidated Freightways, kampuni ya uchukuzi ya Portland, jimbo la Oregon. Malori yake yalipanda milima mirefu ya magharibi mwa Marekani, na kila jimbo lilikuwa na sheria yake ya uzito na urefu. Chuma cha lori kilikula uzito ambao ungekuwa wa mzigo, yaani kilikula pesa. James aliwaomba watengenezaji wamuundie malori mepesi zaidi. Hawakutaka. Basi akawakabidhi kazi mafundi wa kampuni yake mwenyewe. Wakatumia alumini badala ya chuma kila walipoweza, wakamkalisha dereva juu ya injini ili kichwa kiwe kifupi na tela lipate nafasi. Kazi ilianzia Salt Lake City, na jina Freightliner likaanza kutumika mwaka 1942. Vita vikaisimamisha, mwaka 1947 ikaanza upya Portland.

Jambo kubwa katika habari hii ni nafasi aliyokuwa nayo mbunifu, kuliko hata hiyo alumini. Aliyechora lori na aliyelipa faini ya mizani walikuwa chini ya paa moja. Kosa la mchoro lilirudi nyumbani jioni ileile, likiendeshwa na mtu aliyejulikana kwa jina. Mwaka 1950 kampuni ya Hyster, inayotengeneza mashine za kunyanyulia mizigo, ikawa mteja wa kwanza wa nje kununua lori hilo. Wengine wakafuata, kwa kuwa kila mchukuzi alilitambua tatizo lililotatuliwa mle ndani.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi kitu kilichoundwa vizuri kinavyoweza kuwapita waliokiunda. Kuanzia 1951 mauzo yaliwekwa mikononi mwa kampuni ya White, mpaka mkataba ulipokwisha mwaka 1977 na Freightliner ikalazimika kujitafutia mawakala wake. Mwaka 1981 ikanunuliwa na Daimler-Benz ya Ujerumani. Consolidated Freightways yenyewe ilifilisika na kufunga milango mwaka 2002. Mzazi amekwisha kuzikwa, mtoto yuko barabarani.

Sababu ya pili ya wenye malori kulipenda ni spea. Kwa miongo mingi mnunuzi wa Freightliner aliweza kuchagua injini ya Cummins, ya Detroit Diesel au ya Caterpillar, na giaboksi ya Eaton Fuller. Lori halikuwa siri ya kiwanda kimoja. Lilikuwa mkusanyiko wa vyuma ambavyo vimetapakaa duniani. Injini za Cummins na Caterpillar zinafanya kazi kwenye migodi, kwenye jenereta na kwenye mashine za barabara za eneo letu zima, hivyo fundi anayelifungua lori hilo kando ya njia anakutana na kitu ambacho mikono yake inakijua. Mwenye lori la mkono wa pili hanunui sifa za siku lilipotoka kiwandani. Ananunua uhakika kwamba likizimika Makambako, yupo mtu wa kuliamsha.

Tanzania ililipia fundisho hilo mapema. Mwaka 1947, katika Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani yalimiminwa Kongwa kuvunja pori. Mitambo ilitangulia, karakana na spea vikafuata nyuma sana. Ndani ya miezi michache mingi ilikuwa imekufa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa ukiwa umemeza zaidi ya paundi milioni 36. Waliopanga hesabu walijua ekari na tani. Hawakuwa wao watakaolala chini ya trekta wakitafuta boliti iliyokatika.

Njia inayotufikisha Kyela nayo ina historia yake ya mipango. Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta kusini, na mapipa yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam juu ya barabara ya vumbi na tope. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Malori yaliyobeba sehemu kubwa ya kazi ile yalikuwa Fiat za Italia, chini ya kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania iliyoundwa mwaka 1966. Marekani ikagharamia sehemu kubwa ya lami ya TANZAM, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. China ikajenga TAZARA, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo ilisanifiwa kubeba tani milioni 5 kwa mwaka na haijawahi hata kukaribia kiasi hicho. Barabara iliyotangulia ndiyo iliyoelemewa.

Katika miaka ya 1980 ikaja zamu ya Malawi. Vita vya Msumbiji vilifunga reli za Beira na Nacala, na mabwana mipango wakageukia kaskazini, kwetu. Mchoro ulikuwa hivi: shehena itoke Dar es Salaam kwa TAZARA hadi Mbeya, ipakiwe kwenye malori, ishuke Tukuyu, ivuke mpaka Songwe hadi bandari ya Chilumba, iingie melini hadi Chipoka, kusini mwa ziwa, kisha ipande reli tena. Kila kipande kilichaguliwa kwa unafuu wake. Reli ni nafuu kuliko lori, meli ni nafuu kuliko zote mbili, na ukijumlisha kilomita peke yake hesabu inakubali.

Lakini mzigo unaohamishwa mara tatu una walinzi wanne na hauna mwenyewe. Kila uhamisho ni winchi inayohitaji mafuta, ghala linalohitaji ufunguo, karatasi inayohitaji sahihi, na siku ya kungoja. Mfanyabiashara akapima, akaamua kumpa mtu mmoja mzigo wake wote: dereva anayepakia Dar es Salaam na kushusha Lilongwe, mwenye simu mfukoni na jina linalojulikana. Malori yakameza njia nzima.

Si kwamba nalisifu lori dhidi ya reli na meli. Lori linakula lami, linakunywa dizeli kwa kila tani kuliko reli, na linaua watu wengi mno barabarani. Waliopanga njia ya mchanganyiko hawakukosea kuhusu gharama. Walichosahau ni mikono. Hata ziwani tunaliona hilo. Mwaka 2017 tuliteremsha majini meli mbili za mizigo zilizoundwa hapa hapa Kyela, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000. Ni kazi ya kujivunia. Lakini meli ya tani 1,000 inataka tani 1,000 zifike gatini kwa wakati mmoja, na mzigo mwingine uwe unangoja ng'ambo ili isirudi tupu. Lori linataka tani 30 tu, na tani 30 mfanyabiashara mmoja wa kawaida anaweza kuzikusanya. Juu ya hayo, mchanga unaoletwa na mito umekuwa ukila kina cha maji pale Itungi, upakiaji ukahamia Kiwira, na barabara ikabidi iifuate bandari. Meli haiwezi kuwa mradi peke yake. Mradi ni meli, mchanga, barabara na mtu mwenye tani za kujaza.

Kutoka Tukuyu hadi ufukweni ardhi inashuka zaidi ya mita 1,000. Anayeishi kando ya njia hiyo anaujua mngurumo wa kukatakata wa lori lililoelemewa likishuka bila kukanyaga breki sana. Sauti hiyo ina asili yake. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini inayobeba jina lake, alikuwa kwenye lori la dizeli likishuka mlima wa Cajon, California. Breki zilichemka zikaacha kushika, na chini yake treni ya mizigo ilikuwa inapita kwenye makutano ya reli na barabara. Alinusurika kwa nafasi ndogo sana. Hofu ile haikumtoka. Zaidi ya miaka 20 baadaye akabuni njia ya kuifanya injini yenyewe izuie gari: pistoni ikishakandamiza hewa, vali ya moshi inafunguka na kuiachia hewa hiyo kabla haijaisukuma pistoni irudi. Injini iliyokuwa inavuta inageuka kuwa inayokaba. Kampuni ya Jacobs ikaanza kuitengeneza mwaka 1961, na leo inasikika kwenye miteremko ya Rungwe. Hata hapa, aliyebuni ndiye aliyekuwa amekaa ndani ya gari lisiloshikika.

Lori lenyewe nalo hukwama likiondolewa penye mazingira yake. Mengi yanayotoka Marekani yana usukani kushoto, na kwetu tunaendesha kushoto, hivyo dereva anayetaka kupita gari lingine anachungulia asichokiona. Ndiyo maana mengi huhamishwa usukani kwanza. Na umbo lake lilifuata sheria ya huko. Mwaka 1982 serikali kuu ya Marekani iliacha kubana urefu wa lori zima kwenye barabara kuu, ikabaki kupima tela, na malori yenye boneti yakarudi kwa kishindo. Freightliner Argosy, lenye kibanda juu ya injini, liliacha kuuzwa Marekani mwaka 2006, ila likaendelea kuundwa kwa ajili ya nchi kama Australia na Afrika Kusini, ambako urefu wote bado unahesabiwa. Na uzito ni uleule wa siku zote. Tangu Machi 2019 Tanzania imefuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye ukomo wa tani 56. Mwenye lori anayekaribia mizani ya Uyole anawaza kile alichowaza James: kila kilo ya chuma iliyopungua ni kilo ya saruji iliyoongezeka.

Turudi Ikolo, maana huko ndiko mradi wowote wa usafiri unakopimwa. Kakao ya Kyela hukaushwa uani, hupanda baiskeli au bodaboda hadi ghala la chama cha msingi, hupigwa mnada, kisha hupakiwa kwenye lori la kwenda Dar es Salaam. Mchele hutoka kwa Canter. Freightliner haifiki shambani, na haina sababu ya kufika. Mzigo wake unaanza pale ambapo mzigo wa mtu mwingine umekwisha kuvuka tope. Hizo kilomita chache kati ya uani na lami ndizo ambazo michoro huzichora kwa mstari mwembamba zaidi, na ndizo zinazoamua bei atakayoipata mkulima. Kalavati moja lililowekwa mahali ambapo maji hayapiti, na kuachwa kuwekwa yanapopita, linatosha kuifanya lami ya Kasumulu iwe ya wengine.

Na wanaojua maji yanapopita wapo. Mama anayekausha kakao anajua, kijana wa bodaboda anajua, utingo wa Canter anajua kuliko wote kwa sababu ndiye anayeshuka na jembe. Hao ndio mafundi wa James wa huku kwetu. Tukitaka barabara za Kyela zidumu, wao wawemo kabla penseli haijagusa karatasi, na bajeti iwe na fungu la matengenezo kuanzia siku ya kwanza.

Basi mwandaaji wa mradi aje Aprili, wakati wa maji. Apande Canter pale Ikolo, akae juu ya magunia ya mchele pamoja na wenye mali. Na pale gari litakapokwama, watu wote washuke kusukuma na yeye akiwamo, hapo ndipo akipigilie kigingi chake cha kwanza.